Sungura Wameshapona, Sasa Tuanze na Watu

Sungura wameponywa ugonjwa wa mishipa mara nyingi kuliko binadamu. Panya ndio usiseme. Kwa zaidi ya miaka 30 maabara za Marekani, Ulaya na Japani zimekuwa zikipenyeza jeni kwenye maini na kuta za mishipa ya wanyama hawa, na mara kwa mara matokeo yamekuwa ya kutia moyo: utando wa mafuta umepungua, njia ya damu imebaki wazi, mnyama ameishi. Tiba ile ile ikipelekwa kwa watu, habari hukatika.

Siandiki hivi kwa kuwabeza watafiti. Ugonjwa wenyewe si wa mchezo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba maradhi ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9 mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo vya aina hiyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Dar es Salaam ilipata Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwaka 2015, na kazi ya kuzibua mishipa ya moyo kwa mrija, ambayo zamani mgonjwa alilazimika kuifuata India, sasa hufanyika Upanga. Kwa hiyo anayetafuta namna ya kuuchelewesha ugonjwa huu kwa sindano moja anatafuta kitu tunachokihitaji kama wengine, na pengine kuliko wengine.

Dai langu ni hili. Tiba ya jeni ya mishipa ilianza kuzaa matunda pale watafiti walipoacha kumtegemea mnyama kwa swali la kwanza, wakaanza na watu: nani amezaliwa na jeni gani, na moyo wake umeendaje miaka yote hiyo. Kama hiyo ndiyo njia iliyofaulu, basi Afrika, yenye aina nyingi za vinasaba kuliko bara lingine lolote, ina nafasi kubwa katika kazi hii kuliko inayopewa leo. Na ina haki kubwa kuliko inayoidai.

Turudi nyuma kidogo. Ukuta wa ateri ni nyama hai yenye tabaka tatu. Chembe za LDL, zinazosafirisha lehemu (wengi huiita kolesteroli), zikizidi kwenye damu hupenya ndani ya ukuta huo, zikanasa na kuharibika humo. Seli za kinga huzifuata na kuzimeza, nazo zikavimba kwa mafuta hadi zikafa pale pale. Hivyo ndivyo utando unavyojengeka, kwa miaka 20, 30, 40, pasipo maumivu yoyote. Siku utando ukipasuka, damu huganda juu yake kwa dakika chache. Ikiwa ni mshipa wa moyo, tunasema mshtuko wa moyo. Ikiwa ni wa ubongo, kiharusi.

Mnyama aliyetufungulia njia ya kuyajua haya ni sungura. Mwaka 1913 huko St. Petersburg, Nikolai Anichkov na Semyon Chalatov waliwalisha sungura lehemu safi iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti, na mishipa ya wanyama wale ikajaa utando unaofanana na wa binadamu. Waliojaribu kwa panya na mbwa hawakuona kitu. Basi wapinzani wakapata la kusema: sungura hula majani, mwili wake haukuumbwa kula lehemu, kwa nini tumwamini? Ubishi huo ulidumu miongo kadhaa, na kwa mtazamo wangu wapinzani walikosea kuhusu lehemu lakini walishika swali sahihi kuhusu mnyama.

Miaka 60 baadaye, mwaka 1973, Yoshio Watanabe wa Kobe aligundua sungura mmoja ambaye mafuta yake ya damu yalikuwa juu mno ingawa alikula chakula cha kawaida. Alimzalisha akapata ukoo mzima wenye hitilafu hiyo ya kurithi. Wakati huohuo, jijini Dallas, Michael Brown na Joseph Goldstein walikuwa wamegundua kwamba ini hunasa LDL kwa vipokezi maalumu vilivyo juu ya seli, na kwamba kuna watu wanaozaliwa na vipokezi vibovu au bila vipokezi kabisa. Sungura wa Watanabe walikuwa na kasoro iyo hiyo. Brown na Goldstein walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mtoto aliyerithi kasoro hiyo kutoka kwa baba na mama pia anaweza kupata mshtuko wa moyo kabla hajamaliza shule. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, na hao ni takriban mtu mmoja katika kila 250, hupata ugonjwa wa mishipa miaka mingi mapema kuliko wenzake, mara nyingi bila kujua kwamba ana tatizo.

Hapo tiba ya jeni ikaonekana iko mlangoni. Kama kipokezi hakipo kwa sababu jeni yake imeharibika, si wampe mgonjwa jeni nzima? James Wilson na wenzake walifanya hivyo kwa sungura wa Watanabe: walikata sehemu ya ini, wakazilea seli zake maabara, wakazitia jeni nzima kwa kutumia kirusi kilichokwisha kudhoofishwa, wakazirudisha mwilini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Lehemu ya sungura ilishuka. Mwaka 1992 walimfanyia hivyo mwanamke kijana aliyekwisha kuugua moyo, kisha wagonjwa wengine wanne. Kwa watu hao watano manufaa yalikuwa madogo na yalitofautiana sana kati ya mtu na mtu, na njia hiyo ya kukata ini ikaachwa. Mwaka 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, aliyekuwa na ugonjwa mwingine kabisa wa ini, alifariki katika jaribio la tiba ya jeni la Chuo Kikuu cha Pennsylvania baada ya mwili wake kukabiliana vikali na kirusi kilichobeba jeni. Kwa miaka kadhaa fani nzima ilitembea kwa kunyata.

Maabara za wanyama hazikusimama. Mwaka 1992 walikuwa wamepatikana panya waliotolewa jeni ya ApoE, inayosaidia kuondoa lehemu kwenye damu, kazi iliyofanywa na makundi mawili, la Nobuyo Maeda huko North Carolina na la Jan Breslow huko New York. Panya hawa hujaa utando ndani ya miezi michache tu, tena ni rahisi kuwafuga. Tangu hapo wamekuwa mnyama mkuu wa utafiti wa mishipa duniani kote, na naomba msomaji anivumilie kidogo hapa, maana ndipo penye mzizi wa tatizo. Panya wa kawaida husafirisha sehemu kubwa ya lehemu yake katika HDL, tunayoizoea kama lehemu nzuri, ambapo sisi tunaisafirisha zaidi katika LDL. Hana protini ya CETP ambayo kwetu huhamisha lehemu kutoka chembe moja kwenda nyingine. Moyo wake hupiga mara 500 au 600 kwa dakika. Utando wake hukaa zaidi kwenye shina la aota, si kwenye mishipa midogo ya moyo. Na zaidi ya yote, utando wake ni nadra kupasuka, ilhali kupasuka ndiko kunakotuua sisi. Mnyama wa namna hii anaweza kukueleza vizuri jinsi seli moja inavyoita nyingine. Ukimwuliza kama mzee wa miaka 60 mwenye presha na kisukari atanusurika, hana la kukwambia.

Mfano unaonisikitisha kuliko yote ni wa mishipa ya kupandikiza. Daktari akimfanyia mgonjwa upasuaji wa moyo wa kupitisha damu kando ya sehemu iliyoziba, mara nyingi huchukua mshipa wa vena kutoka mguuni na kuushona kwenye moyo. Vena hizo huziba tena baada ya miaka, kwa kuwa ukuta wake hunenepa. Watafiti walibuni vipande vifupi vya DNA vya kuzuia seli za ukuta zisizaliane: mshipa unalowekwa kwa dakika chache kabla ya kushonwa, basi. Kwa sungura ilifanya kazi vizuri sana. Jaribio kubwa la PREVENT IV likawachukua wagonjwa 3,014 nchini Marekani, na majibu yalipotoka mwaka 2005 hapakuwa na tofauti kati ya waliopata tiba na wasiopata. Watu elfu tatu waliwekwa rehani, kila mmoja na kifua chake, kwa ushahidi uliotoka hasa kwa sungura. Hakuna aliyefanya udanganyifu hapo. Kilichokosekana ni kujua, kabla ya yote, kama kwa binadamu njia ile ya kibiolojia ndiyo inayoamua hatima ya mshipa.

Sasa tuje kwenye simulizi iliyokwenda kinyume. Mwaka 2003 watafiti wa Paris na Montreal walionyesha kwamba familia fulani za Ufaransa zenye lehemu ya juu mno ya kurithi zilikuwa na mabadiliko katika jeni iitwayo PCSK9. Kazi ya jeni hiyo ilikuja kueleweka baadaye. Vipokezi vya ini hufanya kazi kama ndoo kisimani: kipokezi hunasa LDL, huingia nayo ndani ya seli, huiacha humo, kisha hurudi juu kunasa nyingine. Protini ya PCSK9 hushikamana na ndoo hiyo na kuizuia isirudi, ikaishia kuvunjwavunjwa ndani ya seli. PCSK9 ikizidi, ndoo huwa chache na lehemu hubaki kwenye damu.

Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas wakajiuliza swali la upande wa pili: wako watu ambao PCSK9 yao imekufa? Walitafuta, na mwaka 2005 wakatangaza kwamba wako, tena hasa miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, takriban wawili katika kila 100. Mwaka uliofuata walichapisha hesabu iliyobadili fani nzima. Katika kundi la watu weusi 3,363 waliofuatiliwa kwa miaka 15, asilimia 2.6 walikuwa na jeni hiyo iliyozimika. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na hatari yao ya kuugua mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88. Wengi wao walikuwa na presha, wengine walivuta sigara, wengine walikuwa na kisukari, na bado mioyo yao ilikingwa. Tafsiri ya hesabu hiyo ni kwamba lehemu ya chini kiasi, ikidumu tangu kuzaliwa, ina nguvu kuliko lehemu iliyoshushwa sana lakini mtu akiwa ameshazeeka.

Mwaka 2007 utafiti mwingine, uliofanywa kwa wanawake wajawazito waliohudhuria kliniki nchini Zimbabwe, ulikuta mojawapo ya mabadiliko yaleyale ya Dallas. Mmoja wa wanawake hao, msichana wa miaka 21, alikuwa ameyarithi kwa wazazi wote wawili. LDL yake ilikuwa ndogo kiasi ambacho daktari wa kawaida angedhani mashine imeharibika. Alikuwa mzima wa afya, na mjamzito. Ukitafuta ushahidi kwamba binadamu anaweza kuishi bila PCSK9 inayofanya kazi, huo hapo, na hakuna mnyama wa maabara ambaye angeweza kuutoa.

Baada ya hapo ndipo wanyama walipoitwa, na safari hii waliulizwa swali wanaloliweza. Mwaka 2014 Qiurong Ding, Kiran Musunuru na wenzao walitumia CRISPR, mkasi wa kukata DNA, kuizima PCSK9 ndani ya maini ya panya, na lehemu ikashuka kwa zaidi ya theluthi moja. Mei 2021 Musunuru na wanasayansi wa kampuni ya Verve walichapisha katika jarida la Nature kazi yao kwa tumbili: waliwatilia mara moja tu, kwa mshipa, vifuko vidogo vya mafuta vilivyobeba maelekezo ya kutengeneza kifaa kinachobadili herufi moja ya DNA bila kukata nyuzi zake zote mbili. PCSK9 kwenye damu ilishuka kwa karibu asilimia 90, LDL kwa karibu asilimia 60, na hali hiyo ilidumu kwa angalau miezi 8 ambayo tumbili walikuwa wakifuatiliwa. Mtu hakuhitaji kubahatisha kama kuizima jeni hiyo kunamfaa binadamu, kwani binadamu mwenyewe alikwisha kujibu. Tumbili aliulizwa tu kama dawa inafika kwenye ini, kama inakaa, na inaleta madhara gani njiani.

Madhara yalikuwapo, na lazima yasemwe. Mtu wa kwanza alipewa dawa hiyo New Zealand Julai 2022. Novemba 2023 matokeo ya watu 10 wa kwanza yalionyesha kwamba kwenye dozi za juu LDL ilishuka kwa asilimia 39 hadi 55. Aprili 2024 kampuni ilisimamisha uandikishaji baada ya mshiriki mmoja kuonyesha dalili za ini kukasirika na upungufu wa chembe za kugandisha damu. Walishuku kifuko cha mafuta kuliko kifaa cha kubadili jeni, wakahamia kwenye kifuko kingine chenye sukari maalumu inayokielekeza kwenye ini. Aprili 2025 walitangaza habari za watu 14 waliopewa toleo hilo jipya: kwenye dozi ya juu LDL ilishuka kwa wastani wa asilimia 53, na mmoja wao alishuka kwa asilimia 69. Miezi miwili baadaye kampuni kubwa ya dawa ya Eli Lilly ikatangaza kuinunua Verve kwa bei inayoweza kufika dola bilioni 1.3.

Kuna jambo moja la kuogopa kwa haki. Kidonge kikikudhuru unakiacha. Herufi iliyobadilishwa kwenye ini hairudishwi. Kwa hiyo nawaelewa wanaotaka washiriki wafuatiliwe kwa miaka 15, na nawaunga mkono wanaosema watu 14 hawatoshi kuitangazia dunia. LDL kushuka ni habari njema, lakini mgonjwa anataka kujua kama mshtuko wa moyo umepungua, na hilo linahitaji maelfu ya watu na miaka kadhaa.

Msomaji makini anaweza kunipinga kwa kisa cha Limone sul Garda, kijiji cha Italia ambako watafiti walikuta ukoo wenye protini ya ajabu iliyopewa jina la Apo A-I Milano. HDL yao ilikuwa chini, lakini mishipa yao ilionekana salama. Hapo pia walianza na watu! Panya na sungura waliopewa protini hiyo, na hata panya waliopewa jeni yake, mishipa yao ilipata nafuu. Mwaka 2016 jaribio la dawa iliyotokana nayo halikuonyesha faida, na kazi ikasitishwa. Naona kisa hicho kinalitia nguvu dai langu. Wabebaji wa Limone walikuwa makumi machache tu, ukoo mmoja, pasipo idadi ya kutosha kuhesabu nani aliugua na nani hakuugua. Dallas walikuwa na maelfu ya watu na miaka 15 ya kumbukumbu. Kuanza na watu kunahitaji watu wengi, wa koo nyingi, wanaofuatiliwa kwa muda mrefu.

Na hapo ndipo tunapoingia sisi.

Kuna chembe ya damu iitwayo lipoprotini(a), ndugu wa LDL, inayochangia utando na kuziba kwa vali ya moyo. Kiwango chake huamuliwa karibu chote na urithi, na chakula na mazoezi havikibadilishi kwa kiasi cha maana. Watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, wana viwango vya juu kuliko Wazungu. Dawa za kuzima jeni yake ziko kwenye majaribio makubwa, na maabara zinajaribu kuihariri moja kwa moja kama PCSK9. Sasa panya hana jeni hiyo kabisa. Sungura pia hana. Wanayo binadamu, sokwe na tumbili wa dunia ya kale, na ukimtaka panya aichunguze inabidi kwanza umpandikize jeni ya mtu. Ikiwa kuna sehemu ya ugonjwa wa mishipa ambayo Mwafrika ndiye mwenye jibu lake, ni hii. Lakini nenda maabara ya hospitali ya wilaya uombe upimwe lipoprotini(a), uone kama wanakifahamu kipimo chenyewe.

Watafiti walishakuja huku zamani kutuuliza habari za mishipa. Miaka ya 1960 George Mann alikwenda umasaini akishangaa jinsi wanaume wanaokunywa maziwa na kula nyama kiasi kile walivyokuwa na lehemu ya chini. Mwaka 1972 alichapisha uchunguzi wa miili ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki: utando ulikuwamo kwenye mishipa yao kama ilivyo kwa Wamarekani wazee, ila mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka hadi damu ikapata njia. Kwa nini ilitanuka? Ni mwendo wao wa miguu, ni jeni, ni vyote? Swali hilo lingefaa kuendelezwa na vyuo vyetu kwa miaka hamsini iliyofuata. Liliachwa kwenye kurasa za jarida.

Hali ya sasa ni afadhali. Watu 6,400 wa vijiji vya kusini magharibi mwa Uganda walichangia vinasaba vyao katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ambamo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe ilikuwa mshirika, na karibu 2,000 kati yao walisomwa vinasaba vyote. Mradi wa AWI-Gen ulipima vinasaba na unene wa ukuta wa mshipa wa shingoni kwa ultrasaundi katika nchi nne, na kituo kimojawapo kilikuwa mitaa ya Korogocho na Viwandani, Nairobi. Hii ndiyo kazi inayozaa PCSK9 nyingine. Ni kazi ya kurudi kwa watu walewale kila baada ya miaka michache, kuwapima tena, kuandika nani amepata kiharusi. Haivutii kamera, na ruzuku yake ikiisha huwa haipati mtetezi bungeni.

Nasikia tayari jibu la ofisa wa wizara: sisi hata vidonge vya presha havitoshi zahanati, wewe unatuletea habari za kuhariri jeni? Jibu langu ni kwamba ugonjwa ni mmoja. Statini, dawa ya kushusha lehemu ambayo Akira Endo wa Japani aliipata kwenye kuvu miaka ya 1970, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2007, na kwa kuwa hakimiliki zake kuu zimeisha, ni ya bei nafuu. Mwenye kisukari wa miaka 50 pale Singida au Kakamega anastahili kuipata leo, bila kusubiri sindano ya Lilly. Na zahanati inayompima lehemu mtu huyo, ikamwuliza kama baba yake alifariki ghafla akiwa kijana, ikawaita wadogo zake nao wapimwe, zahanati hiyo inaokoa watu na wakati huohuo inaandika daftari ambalo mtafiti wa jeni atalihitaji kesho.

Halafu kuna suala la bei, nalo lisipotazamwa mapema litatuumiza. Kingamwili za kwanza dhidi ya PCSK9, zilizotokana na ugunduzi uleule wa Dallas, ziliingia sokoni mwaka 2015 kwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Tiba ya CRISPR ya selimundu, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023, ilitangazwa kwa dola milioni 2.2. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Mama wa Mwanza mwenye mtoto mgonjwa amesikia kwamba tiba ipo, na yeye hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Sitaki tuukute mlango huohuo umefungwa upande wa moyo.

Kwa asili yake tiba hii inatufaa sana. Mtu anayeishi saa nne kutoka hospitali, ambaye dawa zake huisha duka likiwa tupu, ndiye hasa anayehitaji dozi moja ya maisha. Na teknolojia ya vifuko vya mafuta vyenye mRNA ni ya jamii moja na ya chanjo za UVIKO-19, ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuisambaza kupitia kituo cha Cape Town mwaka 2021, Kenya ikiwa kati ya nchi za kwanza za Afrika kuchaguliwa kuipokea. Kujifunza kuitengeneza kwa chanjo ni hatua ya kwanza ya kujifunza kuitengeneza kwa ini.

Kwa hiyo nina ombi mahususi kwa vyombo vinavyotoa vibali vya utafiti, NIMR kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya na wenzao wa Kampala. Mradi wowote unaokuja kuchukua damu yetu kutafuta jeni za mishipa uandikiwe sharti kabla ya muhuri kupigwa: dawa ikipatikana kutokana na damu hiyo, majaribio yake ya binadamu yafanyike huku pia, kwa madaktari wa huku, na bei yake kwa nchi zilizotoa damu iwekwe kwenye mkataba siku hiyohiyo, wakati mtafiti bado anatuhitaji.